Jina Lililoko Sikioni

Mpelelezi Orrin Halvorsen hakuwa mtu wa kuogopa watu. Katika kazi yake ya ofisi ya sherifu aliwahi kuingia nyumba zenye walevi wenye bunduki, akatoka, akaenda kulala fofofo. Lakini asubuhi ile, alipozima gari mbele ya Kituo cha Sokwe cha Harlan Creek, alibaki ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Jana alionyeshwa picha za ukumbi wa mle ndani ukiwa na damu. Leo alitakiwa kuzungumza na yule aliyekutwa amekaa katikati ya damu hiyo, na yule hakuwa mtu.

Kioo kiligongwa. Halvorsen alishtuka mpaka goti likagonga dashibodi.

"Unasali, afande?" Alikuwa Dkt. Garth Lindqvist, daktari wa mifugo, kofia yake ya manyoya imefunika masikio na kufungwa kamba chini ya kidevu. Begi la dawa lilikuwa begani.

"Nasali upepo huu ukome."

"Basi utasali mpaka Juni." Lindqvist akacheka. "Sherifu amenipigia. Kama mpaka saa nane mchana hujampelekea kitu cha maana, nimchome Mabel sindano ya mwisho. Sifurahii, bwana. Ila mnyama akishaua mtu, unamfanyaje?"

"Unamjua huyu Mabel?"

"Mimi mtu wa ng'ombe na farasi. Sikuwahi kukanyaga humu kabla ya wiki iliyopita, nilipokuja kutia saini mkataba ofisini kwa marehemu. Hawa sokwe wanaoongea kwa mikono wananisisimua mwili, nikwambie ukweli. Twende, niache begi ndani. Dawa itaganda garini."

Aliyewafungulia mlango alikuwa Jolene Pruitt, mwanafunzi wa marehemu Profesa Constance Weller. Wenzake wote walikuwa wamejifungia majumbani kwao. Macho yake yalikuwa yamevimba, na ndewe za masikio yake zilikuwa nyekundu, kama za mtu aliyevua hereni kwa haraka. Halvorsen aliliona hilo akalitia akilini.

Ukumbi ulinuka maganda ya machungwa na dawa ya kusafishia. Halvorsen alianza maswali huku anatembea, maana akitembea woga hupungua.

"Nieleze tena, dada, mlimkutaje profesa, na huo mlango wa..."

Kiganja cha Jolene kilimziba mdomo. Akamvuta nyuma hatua moja, akamwonyesha sakafu. Pale kwenye kona ya ukumbi kulikuwa na mstari mwekundu uliofutika kwa kukanyagwa, mabaki tu ya rangi ambayo mgeni hawezi kuyaona.

"Samahani, afande," alinong'ona. "Ukivuka hapo mdomo unafungwa. Baada ya kona sokwe wanakuona, na mbele yao kila mtu huongea kwa mikono, hata akikanyaga msumari. Ni kanuni ya Profesa Connie."

"Na aliyekufa bado anatawala?"

"Humu, ndiyo."

Dkt. Lindqvist alikuwa ameshasimama nyuma yao, ncha za buti zake zimekoma kabla ya mstari. Aliweka begi chini, akasema atasubiri jikoni penye joto, akaondoka.

Walibaki wawili. Jolene akaeleza kwa sauti ya chini, na hapakuwa na mengi. Asubuhi ya jana alimkuta profesa amelala kifudifudi baada ya kona. Mlango wa chumba cha Mabel ulikuwa wazi. Mabel amekaa kando yake, manyoya yana damu, amemshika mkono.

"Na alikuwa amemfunika," akaongeza. "Kwa blanketi lake mwenyewe, lile analogombania na dunia nzima. Hampi mtu."

"Komeo la mlango liko upande gani?"

"Nje. Mkono wa Mabel haufiki."

"Kwa hiyo profesa alifungua mwenyewe."

"Usiku, peke yake? Aliyetunga kanuni ya kufungua watu wawili ni yeye. Alishamfukuza mtu kwa kuivunja."

Halvorsen alikuna kidevu. "Sokwe akimvamia mtu, huanzia wapi?"

Jolene aliingiza mikono ndani ya mikono ya sweta. "Vidole. Halafu uso."

"Vidole vya profesa vyote vipo, na uso wake mzima. Alipigwa mara moja, kisogoni, kwa kitu chenye ukingo ulionyooka. Hiyo si kazi ya meno. Mtu alimpiga, kisha akalivuta komeo ili lawama imwangukie Mabel. Ila kuna jambo linanikereketa. Mtu gani mwenye akili timamu anamfungulia sokwe aliyetoka kuona rafiki yake anauawa, halafu anajiendea zake na mikono yake yote miwili?"

Jolene aliinamia sakafu.

"Nifundishe la kufanya huko mbele," Halvorsen akasema. "Na unifundishe haraka, kabla sijabadili nia."

Alifundishwa mambo machache. Kuchuchumaa, kutoa mgongo wa mkono vidole vimekunjwa. Kutokenua meno hata kwa urafiki, kwa kuwa kwa sokwe meno yaliyokenuliwa si kicheko bali hofu. Neno KWISHA, mikono miwili inakung'utwa kama inayomwaga maji. Na neno NANI, kidole mdomoni, kwa kuwa ndilo la kwanza atakaloulizwa. Kila anayevuka mstari huulizwa nani, naye hutaja jina lake kwa mkono, kila siku, hata kama ametoka nje kumwaga taka tu na kurudi. Asiyekuwa na jina hupewa.

Walivuka.

Mabel alikuwa nyuma ya wavu wa chuma, peke yake, amekaa juu ya kiroba cha majani. Halvorsen alitegemea kuona mnyama. Aliona mama mzee mnene, mvi kidevuni, anayemtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyeruka foleni. Alichuchumaa, akatoa mgongo wa mkono.

Mabel akagusa mdomo kwa kidole. NANI.

Halvorsen akamwangalia Jolene. Mabel hakungoja. Akampapasa kwa macho kuanzia buti mpaka kofia yake ya kazi, kisha akajigonga utosini. KOFIA. Ndilo likawa jina lake.

Jolene aliuliza kwa mikono, taratibu. Halvorsen hakuelewa maneno, lakini kazi yake ilikuwa kuangalia mikono ya watu wasemapo, na huyu alikuwa anasema kwa mikono mitupu. Mabel alisita. Aligeuka akatazama sakafu pale profesa alipolala, sasa safi na bado ina maji. Kisha akajibu. Alama ya kwanza ilikuwa sikioni: aliifinya ndewe mara mbili, haraka. Halafu vidole viwili vikagongana. Halafu akachora herufi begani, na vidole vikagongana tena. Mwisho akafinya sikio, akatupa mkono kuelekea mlango wa nje. Manyoya ya mabega yake yalikuwa yamesimama.

Walirudi nyuma ya mstari.

"Amesema Connie, ile herufi ya begani, ameumia," Jolene akatafsiri. "Ameumia, ameumia. Toka nje. Basi."

"Na sikio?"

"Sikio?"

"Amefinya sikio mara mbili mwanzoni, na tena mwishoni."

"Alikuwa anajikuna, afande. Wana chawa wakati mwingine."

Halvorsen alimtazama mpaka yule binti akainamisha kichwa. Ukweli ni kwamba hakumwogopa tena sokwe. Sasa alikuwa anamwogopa huyu, mtu pekee katika wilaya nzima anayeweza kumwambia shahidi wake amesema nini, naye anamdanganya mchana kweupe.

"Binti, nisikilize. Umeniambia kila anayevuka mstari hutaja jina. Mimi nimepewa langu. Wewe hukutaja lako. Na umevua hereni zako leo, umezivua kwa nguvu mpaka masikio yamewaka. Saa nane Mabel anachomwa sindano. Kama unajua lolote, unamuua wewe."

Jolene aliteleza ukutani mpaka chini akaanza kulia kwa kwikwi.

"Ni jina langu," alisema. "Hiyo ya sikio. Nilipewa na profesa nilipofika, kwa sababu ya hereni. Amenitaja mimi! Jana alisema hivyohivyo, nikadhani macho yananidanganya. Jolene ameumiza Connie. Jolene toka nje. Naapa sikuwepo, afande, nilikuwa mjini Yakima kwa dada yangu, tunakula mkate wa nyama huku shemeji analalamika kuhusu chumvi, muulize! Lakini nani ataamini? Sokwe hana sababu ya kusema uongo."

"Umekaa unamwacha auawe?"

"Nimekaa naogopa! Nilipanga kujisalimisha saa saba na nusu. Nilikuwa najipa moyo."

Halvorsen alitaka kumtia pingu. Ingekuwa rahisi, na sherifu angempongeza. Aliitoa pingu kiunoni kabisa. Lakini neno moja lilikuwa limemkwama, kwamba jina lile binti alipewa na profesa, si na Mabel, akalirudia.

"Mabel hukuita hivyo kila siku? Sikio?"

Jolene alijifuta pua. "Hapana. Amekataa tangu mwanzo. Ananiita BARIDI, kwa sababu ya vidole vyangu. Wenzangu wananitania kwa jina hilo."

"Kwa nini alikataa?"

"Profesa aliniambia nisimlaumu. Jina lile lilikuwa la mwanafunzi mmoja wa zamani, enzi Mabel bado mdogo, kabla yetu sote. Hapa mtu akiondoka jina lake linalazwa, na baada ya miaka mingi anapewa mwingine. Majina mazuri hayatoshi. Profesa alidhani Mabel ameshasahau."

"Mwanafunzi huyo aliondokaje?"

"Ndiye aliyefukuzwa. Alikuwa anafungua mlango peke yake usiku, anawapiga kwa fimbo ya umeme, ile ya kuswagia ng'ombe, ili alama zao zitoke safi mbele ya wageni." Jolene aligeukia kona. "Mabel hata leo akisikia mlio wa kitu cha umeme anajikojolea."

Upepo ulitikisa paa. Swali lililokuwa linamkereketa lilikuwa limejibiwa. Mtu anaweza kumfungulia sokwe mlango akaondoka salama, kama sokwe huyo anamwogopa kuliko kifo.

"Simama," akasema. "Twende tukahakikishe."

Walivuka tena. Halvorsen alichuchumaa, akamwonyesha Mabel yule binti kwa kidole, akagusa mdomo wake. NANI?

Mabel alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi. Akakunja ngumi zote mbili, akazitetemesha. BARIDI.

Halvorsen akaonyesha sakafu yenye maji. NANI?

Sikio. Mara mbili.

Jolene alijiziba mdomo kwa mikono miwili asivunje kanuni. Halvorsen alikuwa anainuka, anawaza ni nani katika nchi hii kubwa angekumbuka jina la mwanafunzi mmoja aliyefukuzwa zamani hivyo, wakati profesa ndiye pekee aliyemjua, naye yuko chumba cha maiti. Labda ndiyo maana alipigwa. Labda alimwona mtu huyo tena, akamtambua.

Wakati huo Mabel akabadilika.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Halvorsen. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta wa mwisho, akajikunja, akavuta blanketi ambalo halikuwepo. Midomo ilifunguka, meno yote yakaonekana, na kwa mtu asiyejua angeonekana anacheka. Mkojo ulianza kutiririka chini ya kiroba. Mkono wake mmoja ulikuwa umefichwa pajani, na kule chini, kidogo sana, kidole na dole gumba vilikuwa vinafinya hewa. Vilifinya mara mbili, vikatulia, vikafinya tena.

Halvorsen aligeuka.

Dkt. Lindqvist alikuwa ameshapinda kona. Alishika bomba la sindano lenye dawa ya rangi ya waridi, kubwa, la kutosha sokwe mzima. Saa nane ilikuwa haijafika. Aliinua nyusi kama kusema tumalize jambo hili, akaonyesha saa yake ya mkononi, akatembea kuelekea kwao. Hakusema neno.

Hakusema neno. Sherifu mwenyewe alikiri kwamba jana alibwata humu mpaka akazibwa mdomo. Halvorsen mwenyewe alizibwa. Huyu mtu wa ng'ombe na farasi, aliyedai kufika humu mara moja tu wiki iliyopita, hakuhitaji kuzibwa. Na asubuhi ncha za buti zake zilikomea kwenye mstari ambao hauonekani, kabla Jolene hajaueleza.

Ukumbi ulikuwa mwembamba. Jolene alikuwa kati yake na yule daktari, shingo wazi, amempa mgongo. Dawa ile haikuhitaji mshipa ili ifanye kazi yake. Kama angepiga kelele, sindano ingefika kwanza. Kama angechomoa bastola, risasi ingempitia binti. Alibakiwa na silaha moja aliyofundishwa asubuhi ile.

Alimtazama daktari usoni, akamnyooshea kidole, akagusa mdomo wake, taratibu, kama wanavyouliza humu kila siku mtu anapovuka mstari.

NANI?

Mkono mtupu wa Dkt. Lindqvist ulipanda. Ulipanda wenyewe, kama mkono wa mtu aliyelelewa kanisani unavyopanda kufanya ishara ya msalaba. Ulipita kidevuni, ukaingia chini ya manyoya ya kofia, ukaifinya ndewe mara mbili.

Kisha ukakaa hapohapo, hauna pa kwenda.

Jolene alikuwa amegeuka. Alikuwa ameona.

Daktari alivunja kanuni. "Sikio linaniwasha tu, afande," alisema kwa sauti ya juu, akatabasamu, na bomba la sindano likahama kutoka kwenye ncha za vidole likakaa vizuri ndani ya ngumi.

"Jolene naye aliniambia Mabel anajikuna," Halvorsen akajibu. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Profesa alikutambua siku ya mkataba, siyo? Alikwambia hatakuruhusu uwaguse tena."

"Alikuwa anakwenda kunichongea kwa kila mfugaji wa jimbo hili! Kwa ajili ya nyani!" Lindqvist akapiga hatua, mkono wa sindano ukainuka kuelekea shingo ya Jolene.

Wavu wa chuma ulilia kama bati lililoangukiwa na gogo.

Mabel alikuwa ametoka kwenye kona. Alikuwa amesimama wima, manyoya yote yamesimama, mkubwa mara mbili, na alijitupa tena kwenye wavu kwa miguu yote miwili huku akipiga yowe ambalo Halvorsen angelisikia ndotoni miaka mingi. Lindqvist, aliyezoea kumwona akijikunja, aliruka kando, bega likagonga ukuta. Hiyo ilitosha. Halvorsen alimrukia kwa uzito wake wote. Bomba lilianguka likabingirika mpaka kwenye mfereji wa maji, na pingu iliyokuwa imekwishatolewa kwa ajili ya mtu mwingine ikapata mwenyewe.

Askari walipokuja kumchukua daktari, Halvorsen alimpigia sherifu kutoka jikoni, akamwambia sindano imefutwa. Sherifu aliuliza ushahidi ni nini. Halvorsen alisema atamweleza akipata kahawa, na kwamba kwanza watu wapekue gari la Lindqvist, na wakikuta fimbo ya umeme wasiishike mikono mitupu. Kisha akakata simu, maana hakutaka kuulizwa zaidi.

Alirudi ukumbini. Jolene alikuwa ameketi sakafuni, mkono wake umepenya kwenye tundu la wavu, na Mabel alikuwa anazichunguza ndewe zake, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu.

Mabel alimwona aliyeingia. NANI?

Halvorsen akajigonga utosini. KOFIA.

Sokwe akatazama nyuma ya Halvorsen, kwenye kona, kwa muda mrefu. Kisha akaifinya ndewe mara mbili, nyusi zimeinuka. Alikuwa anauliza.

Halvorsen alichuchumaa. Alikuwa na maneno machache tu, na moja lilifaa. Akanyoosha mikono yote miwili akaikung'uta. KWISHA.

Mabel alimwangalia mikono, halafu uso, halafu mikono tena. Akakung'uta ya kwake. Halafu akaonyesha sakafu, pale palipokuwa bado na maji, akauliza jina moja zaidi, ile herufi iliyochorwa begani, na nyusi zikainuka vilevile.

Halvorsen hakuhitaji tafsiri. Alimgeukia Jolene. Jolene alikuwa ameshika wavu kwa mikono yote miwili, akishindwa kuuachia ili ajibu.